Je, Patroni Anaangalia Masomo ya Kuchagua?

Vijana wetu wa Kama wanaokwenda kusoma Kindu wanauliza sana jambo hili, hasa tangu mfumo wa LMD kuanza katika vyuo vikuu vyetu mwaka wa masomo 2021-2022.

Tuseme kweli: patroni anaangalia kwanza diplome na fani. Somo moja la kando hatalitafuta kwenye karatasi. Lakini atakuuliza, “Unajua kufanya nini?” Kule Bisie, Walikale, Alphamin inachimba bati tangu 2019, na hisa zake zinauzwa Kanada na Afrika ya Kusini; ripoti zake ni za Kiingereza. Mwanajiolojia aliyechagua Kiingereza ao kompyuta iko na jibu. Yule aliyefuata mwalimu wa pointi nyepesi (tunawajua!) atajibu nini?