Ukitua Buja Peke Yako, Anzia Buyenzi

Wasee wengi wakifika Bujumbura, yaani Buja, huchomoka mbio bichi. Nawaelewa. Tanganyika ni ziwa la pili kwa kina duniani, mchanga upo, samaki yupo. Lakini kama umekam bila mbogi na humjui mtu Burundi, nakushow hivi: siku ya kwanza ipeleke mtaa wa Buyenzi. Ziwa haliendi mahali.

Tuanze na njia. Ndege ni doh mob, so mimi nilidandia basi. Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024, rada ya Kigali ikazima, ikabidi nizunguke Tanzania niingilie mpaka wa Kobero. Mkenya haitishwi viza ya kulipia, kwa sababu Burundi iko Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007. Mgongo utauma, lakini ukikaribia Bugarama, maze, usilale. Hapo uko juu ya mita 2,000, kibaridi kama cha Limuru, mamathe wamepanga karoti na kabeji kando ya lami. Halafu barabara inaanza kushuka, kona baada ya kona, mpaka Buja, chini huko kwa mita kama 800, joto linakupokea na mikono yote miwili. Kwenye huo mteremko utacheki machali wa baiskeli wakishuka na mizigo ya ndizi, spidi ya kutisha. Wakirudi wanashikilia nyuma ya lori liwavute mlimani. Hao nawavulia kofia, na naomba Mungu awafikishe kwao.

Ukishuka, rudisha saa yako nyuma kwa saa moja. Magari hupita kulia, so cheki kushoto kwanza ndio uvuke. M-Pesa yako haitakusaidia, beba ganji mkononi na uibadilishe kwa faranga. Noti kubwa kabisa ni ya 10,000. Nduthi zilifukuzwa katikati ya tao Machi 2022, na mafuta yamekuwa shida miaka hii, kwa hivyo foleni ya basi inaweza kuwa ndefu. Ukiweza, tembea tu. Ukiweza, tembea tu.

Sasa Buyenzi. Mtaa umechorwa kwa mistari iliyonyooka tangu enzi za Wabelgiji, wakati Buja ikiitwa Usumbura, na ndio ulikuwa mtaa wa Waswahili. Misikiti iko, biashara iko, na mafundi wako kila mahali. Ndai imefunguliwa tumbo barabarani, chali yuko chini yake, mwingine anagonga bodi, wa tatu anatafuta spea. Ukipenda Grogan ya Nairobi, hapa utatulia. Na kila mtu anabonga Kiswahili. Chenye ladha ya Kongo kidogo, lakini Kiswahili.

Nilisimama karibu na gereji moja nikauliza wapi naweza kumanga. Fundi mmoja mzee akafuta mikono.

"Umetoka wapi, kijana wangu?"

"Shikamoo mzee. Nairobi."

"Marahaba. Uko na nani?"

"Niko peke yangu."

"Hapa huwezi kuwa peke yako. Twende ule."

Nikadishi ndagala (dagaa), maharage na ndizi za kupika, nikishiriki sahani na wasee ambao asubuhi hiyo hawakujua kama niko duniani. Wakaniuliza kuhusu Kenya, kuhusu bei ya unga, kuhusu Gor Mahia. Kwa msafiri wa solo, hiyo saa moja ni ya maana kuliko hoteli yoyote.

Na kuna sababu nauheshimu huu mtaa. Vita vya miaka ya 1990 viligawa mitaa mingi ya Buja, Wahutu huku, Watutsi kule. Buyenzi nayo ilionja damu, lakini ilibaki mtaa wa watu waliochanganyika, majirani wa kila kabila pamoja na familia zenye mizizi Kongo. Ukikaa hapo na chai yako, ukaona watoto wakicheza boli wote pamoja, jua kuna wazazi walioamua hivyo wakati kuamua hivyo kulikuwa hatari. Nyuma zaidi, wakati wa kudai uhuru, Waswahili wa hapa walikuwa kati ya waliomfuata mapema Mwanamfalme Louis Rwagasore. Alipigwa risasi 13 Oktoba 1961, akiwa na miaka 29, akila chakula cha jioni hotelini kando ya ziwa. Uhuru ulikuja Julai 1962 bila yeye. Kaburi lake liko mlimani juu ya tao, na view ya huko ni noma, unaona jiji lote, ziwa, na milima ya Kongo ng'ambo.

Jioni sasa shuka bichi. Agiza mukeke wa kuchoma, samaki wa hili ziwa, na usikubali wakuletee mwingine. Giza likiingia kaa mbali na ukingo wa maji, viboko hutoka kula nyasi na hawana utani. Na kama kesho yake ni Jumamosi, usipange safari ya asubuhi, kwa sababu mtaa mzima hutoka kwa kazi za jamii. Uliza mwenyeji wako wanakutana wapi, na ukipewa jembe, shika.