Mbao Zilizotiwa Dawa Zisipakwe Rangi kwa Haraka

Wakulima wengi hununua mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, wakajenga ua au baraza ya nyumba, na jioni ile ile wakazipaka rangi. Kabla ya mwaka kwisha, rangi hufanya malengelenge, kisha hubanduka, na lawama yote humwangukia mwuza rangi. Mara nyingi mtu huyo hana kosa lo lote. Kosa ni la maji.

Mbao hizo hutiwa ndani ya mtungi mkubwa wa chuma, hewa ikanyonywa, kisha dawa iliyochanganywa na maji ikasukumwa kwa nguvu mpaka ipenye ndani ya mti. Dawa iliyo mashuhuri ni ya shaba, kromiamu na aseniki, iliyobuniwa na Sonti Kamesam wa Bara Hindi mwaka 1933. Shaba ndiyo iletayo ule ukijani. Ubao utokao humo umelowa mno. Ukipakwa rangi hivyo, jua huyavuta maji, nayo yakitoka huisukuma rangi.

Basi mbao zipangwe chini ya paa penye upepo, zisigusane, zikae majuma kadhaa, na wakati wa masika zaidi. Kuzijaribu ni rahisi: nyunyiza matone ya maji. Yakinywewa upesi, ubao u tayari. Yakisimama kama umande juu ya jani la nduma, ngoja.

Mahali palipokatwa kwa msumeno pasiachwe wazi, kwa kuwa dawa ni nadra kufika moyo wa mti, na mchwa hupata mlango hapo. Papakwe dawa tena. Ndipo ubao usuguliwe kwa burashi na maji, ukauke, upakwe rangi ya kwanza ya mbao, hasa kwenye ncha, ambako mti hunywa maji kuliko po pote. Kisha rangi yenyewe mara mbili. Rangi haiui mchwa; kazi yake ni kukinga jua na mvua.

Tena vipande vilivyosalia visitiwe mekoni kamwe, hata kuni zikiwa ghali. Aseniki haiteketei: hubaki katika majivu na nyingine hutoka na moshi. Ng'ombe hupenda kulamba majivu, na wako waliokufa kwa kulamba majivu ya namna hii. Maranda yake pia yasitandikwe bandani mwa kuku. Viwanda vya Marekani viliacha kuitumia dawa hii katika mbao nyingi za nyumbani mwisho wa mwaka 2003, kwa ajili ya aseniki hiyo. Vipande vifupi vyafaa kuwa vigingi vya ua.