Nukta, herufi kubwa na tahajia: Mzazi amsaidieje mtoto?

Mtoto wa darasa la tano anaweza kusimulia safari ya kwenda kwa bibi bila kukwama. Akiiandika, safari hiyo hiyo hugeuka mstari mmoja mrefu usio na nukta, jina la bibi limeanza kwa herufi ndogo na “anakuja” imekuwa “ana kuja”.

Wazazi wengi hushika kalamu nyekundu na kusahihisha kila kitu kwa mara moja. Mtoto naye hujifunza kwamba akiandika machache, atakosea machache. Insha inayofuata huwa fupi na yenye maneno rahisi tu. Hasara hiyo ni kubwa kuliko nukta iliyosahaulika.

Njia nafuu ni kushughulikia kosa la aina moja kwa wiki.

Herufi kubwa

Mzazi aanze na mwanzo wa sentensi, majina ya watu na mahali, siku, miezi na lugha: Asha, Mwanza, Jumatatu, Machi, Kiswahili. Mtoto asome alichoandika na kuzungushia duara kila herufi iliyopaswa kuwa kubwa. Makosa mengine yasubiri zamu yake.

Alama za uandishi

“Baba amekuja.” na “Baba amekuja?” ni maneno yale yale kwa mpangilio ule ule. Kwenye mazungumzo, sauti hutofautisha taarifa na swali; kwenye karatasi, kazi hiyo hufanywa na alama peke yake.

Mzazi asome insha ya mtoto kwa sauti kama ilivyoandikwa, bila kupumzika pasipo na alama. Mtoto atacheka, kisha ataonyesha mwenyewe panapohitaji nukta au mkato.

Tahajia

Kiswahili huandikwa karibu sana na kinavyotamkwa, hivyo makosa mengi huanzia kwenye matamshi. Anayesema “apa” ataandika “apa” badala ya “hapa”. Anayechanganya r na l ataandika kuwa amenunua “karamu” dukani, kumbe ni kalamu. Irabu moja ikidondoka, “kufaa” inakuwa “kufa”.

Mtoto asichekwe kwa matamshi aliyoyapata nyumbani. Atamke neno polepole, silabi kwa silabi, ndipo aandike. Imla ya maneno matano kila jioni inatosha. Maneno yatoke kwenye kitabu chake cha shule, na asahihishe mwenyewe kwa kulinganisha na kitabu. Maneno yanayoandikwa kwa kutenganishwa, kama “kwa sababu” na “kwa hiyo”, nayo yawekwe humo, maana watoto wengi huyaunganisha.

Simu nayo ifundishe

Mtoto anayeona “xaxa” na “cjui” kwenye simu ya mzazi huweza kuyapeleka hadi kwenye daftari. Simu hiyo hiyo inaweza kusaidia. Mtoto apewe kazi ya kumwandikia shangazi ujumbe kamili: “Shangazi, shikamoo. Utakuja Jumamosi?” Jibu likirudi, ataona kwamba alama zake zimeeleweka.

Kabla ya kugusa kosa lolote, mzazi aulize kwanza kuhusu hadithi yenyewe: bibi alipika nini, basi liliharibikia wapi. Mtoto akijua kuna anayetaka kusikia habari zake, atakuwa na sababu ya kuziandika zieleweke.