Kidonge cha Saa Mbili Usiku

Wanachama wengi wa chama chetu wananijua kama yule anayechukua simu na kutoka nje ya mkutano ikifika saa kumi na moja jioni. Mmoja wenu aliwahi kuniuliza kwa utani kama nina mchumba huko nyumbani. Ninaye. Ana miaka 51, anakaa Ngamiani, Tanga, na ni mama yangu mzazi. Saa kumi na moja jioni ya hapa Manchester, majira haya ya baridi, ni saa mbili usiku kwake, na saa mbili usiku ndiyo saa yake ya kumeza kidonge. Mhariri aliponiomba makala ya toleo hili nilimwambia sina la kuandika ila habari za kidonge hicho. Akasema, basi andika hizo.

Yalianza na kamera. Desemba ya mwaka juzi, kila nilipompigia mama simu ya video nilikuwa naona dari. Dari, feni, ukingo wa pazia, na sauti yake ikiniuliza kama nimekula. Nikimwambia ageuze simu nimwone, anasema mtandao mbovu. Siku moja simu ilimteleza nikamwona kwa sekunde mbili, amejifunga kanga kichwani. Mama huvaa mtandio akitoka, lakini ndani ya nyumba yake, mbele ya wanawe, sikuwahi kumwona amefunika kichwa. Nikauliza. Akasema joto. Mtu wa Tanga anafunika kichwa kwa sababu ya joto! Nami nikakubali, kwa kuwa nilikuwa na mitihani ya Januari na nilitaka kukubali.

Siku niliyomaliza mtihani wa mwisho dada yangu akapiga. Alianza na salamu ndefu, na mtu wa kwetu akirefusha salamu ujue kuna jambo. Mama ana saratani ya titi. Amekwisha pata dawa mara mbili, nywele zimetoka. Zile safari za Dar es Salaam alizosema ni za harusi na za kumtazama mama mdogo zilikuwa safari za hospitali. Wote walijua: kaka, shangazi, mjomba, hata jirani anayemletea mama maziwa. Walikubaliana nisiambiwe, nisije nikafeli.

Nilimwambia dada maneno ambayo hadi leo natamani kuyameza. Nilimwuliza, "Na angekufa, mngeniambia baada ya arobaini?" Dada hakunijibu. Alilia, kisha akasema, "Mdogo wangu, na mimi nimechoka kuyabeba peke yangu." Hapo ndipo nilipoelewa kwamba siri ile haikunilinda mimi tu wala haikuniumiza mimi tu. Najua wapo humu wanaosoma haya ambao nyumbani kwao kuna dari kwenye simu. Ushauri wangu ni mmoja, na ndio pekee nitakaoutoa: waambieni watu wa nyumbani, leo, kabla hapajawa na lolote, kwamba mnataka kuambiwa.

Lililoniuma zaidi ni miezi minne. Mama aliliona lile gumba mwezi Juni. Kituo cha kwanza alichokwenda walimgusa juu ya nguo, wakamwambia ni jipu linaanza, wakampa vidonge vya kuua vijidudu. Akarudi, akapewa vingine. Ni dada aliyemchukua kwa nguvu Oktoba wakapanda basi la Dar. Huko wakachukua kinyama kwa sindano, wakakipima, na jibu likatoka. Uvimbe ulikuwa sentimita tano na nusu.

Wiki ile ya kwanza nilifanya mnachokijua: nikakaa macho hadi alfajiri nikisoma takwimu kwenye intaneti. Kila ukurasa ulinipa asilimia, na kila asilimia niliigawa upande wa waliokufa. Rafiki yangu mmoja wa bweni, Mwingereza, mtu mwema kabisa, kila asubuhi aliniuliza kama mama atapona. Swali lake lilinichosha kuliko usingizi. Nilipata nafasi ya kuzungumza na daktari wa mama kwa simu ya dada, nami nikauliza swali hilo hilo. Daktari akasema, "Kwanza tutazame kama unapungua." Akaendelea na mambo ya damu na tarehe za kurudi. Nilikata simu nikiwa nimekasirika. Niliona amenikwepa.

Hakunikwepa. Alikuwa akiongea Kiswahili, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuumwa kwa lugha nyingine. Sisi kati ya mgonjwa na mzima tuna maneno mengi. Kuna kupona, ndiyo, lakini kabla yake kuna nafuu, kuna ahueni, kuna kupata usingizi, kuna "leo ameamka, amekunywa uji". Ukienda kumjulia hali mgonjwa hutarajii kuambiwa amepona. Unatarajia kuambiwa kuna nafuu, na nafuu hiyo ikitajwa watu wote chumbani humshukuru Mungu kwa dhati. Tunalo pia neno kuuguza, ambalo ukilitazama ni la ajabu kidogo: kuugua, kuuguza, kama kulia na kuliza. Lakini anayemliza mtu ndiye chanzo cha machozi, na anayemwuguza mtu siye chanzo cha ugonjwa. Mhadhiri wetu atanieleza vizuri zaidi. Mimi ninachojua ni kwamba lile lilikuwa neno nililokuwa nikilihitaji, na nilikuwa nalo umbali wa bara zima.

(Saratani lenyewe, kwa wanaopenda mambo haya, ni neno la Kiarabu la kaa wa baharini, na kansa kwa asili yake ya Kilatini ni kaa pia. Wagiriki wa kale waliona mishipa iliyovimba kuzunguka uvimbe wakakumbuka miguu ya kaa. Nilimwambia mama. Akasema, "Basi ndiyo maana hatembei mbele.")

Kwa hiyo tukaanza kuhesabu nafuu. Dawa iliingia kwenye mshipa kila baada ya siku 21, mizunguko minane. Minne ya kwanza ilikuwa na ile dawa nyekundu kama sharbati, ambayo huwafanya wagonjwa wakojoe rangi hiyo hiyo na wengine washtuke wakidhani ni damu. Kabla ya kila mzunguko daktari aliupima uvimbe. Dada alikuwa akinitumia namba tupu, bila salamu: "4." Kisha "3.2". Mama ni fundi cherehani, amepima viuno na mabega ya watu miaka 30, naye akawa anamtania daktari kwamba futi yake inadanganya, ampe ya kwake. Nilizibandika zile namba ukutani juu ya meza yangu. Rafiki yangu wa bweni akauliza ni za nini, nikamwambia ndiyo hali ya mama. Tangu hapo akawa anauliza, "Namba ya leo?"

Msidhani zilishuka kama ngazi. Mzunguko wa tano uliahirishwa kwa sababu chembe nyeupe za damu zilikuwa chini, na usiku mmoja homa ilimpanda wakamkimbiza hospitali. Siku kumi nzima hapakuwa na namba. Nilizisimamia kwa kufua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Na hapo katikati tumaini la aina nyingine nalo lilikuwa likigonga mlango. Mjomba alituma video ya majani ya mstafeli yanayomaliza saratani kwa wiki mbili. Mtu mwingine akaleta unga ndani ya chupa isiyo na jina. Simlaumu mjomba. Alikuwa anauguza kwa namna aliyoijua, na alitumia fedha zake. Lakini dada alimwuliza daktari, na daktari akaomba kila kinachoingia kinywani mwa mama kitajwe, kwa sababu dawa hizi hupita kwenye ini, na baadhi ya mitishamba nayo hulitaabisha ini hilo hilo. Mama akaupokea unga, akamshukuru kaka yake, akauweka juu ya kabati. Upo hadi leo.

Juni alipasuliwa. Julai nilifika nyumbani kwa nauli ambayo bado nailipa, na Agosti ikawa zamu yangu: mionzi, Jumatatu hadi Ijumaa, mara 15, katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Mnaoijua Dar mnalijua lile jengo jeupe la Wajerumani linalotazama bahari. Limekuwa hospitali tangu 1897. Mionzi yenyewe ni dakika chache. Kusubiri ndiko kazi. Kwenye benchi wanawake kutoka Mtwara, Kigoma, Songea, wengine wamepanga vyumba kwa mwezi mzima ili wamalize matibabu. Hawakuulizana ugonjwa uko hatua gani. Waliulizana, "Leo ya ngapi?" Ya tisa. Ya ishirini na moja. "Aa, wewe umeshafika!" Siku mama aliposema ya kumi na tano, bibi mmoja ambaye hatukujua hata jina lake alisimama akampigia kigelegele, chembamba, cha hospitalini, na muuguzi akajifanya hakusikia.

Septemba nikarudi huku, na mama akaanza kidonge.

Kinaitwa tamoxifen, miligramu 20, kimoja kwa siku, kwa miaka mitano kwa uchache. Hakiwafai wote. Kinawafaa wale ambao uvimbe wao una vipokezi vya homoni ya estrojeni, yaani chembe zake zina vitundu vya kufuli ambamo homoni hiyo huingia na kuziamuru zikue. Kidonge huingia kwenye kitundu kabla yake kikakaa hapo. Karatasi ya maabara ya mama iliandika vipokezi "chanya". Mimi nimekulia katika nchi ambayo chanya kwenye karatasi ya maabara ni neno la kukufanya ukae chini, na ilibidi dada anirudie mara tatu kwamba hii ni habari njema.

Nilitaka kujua kilikotoka. Nasoma mambo ya nguo, kemia yangu ni ya rangi na nyuzi tu, lakini nilisoma, na jibu likanikuta nimekaa karibu nalo. Mwaka 1962 mwanakemia aitwaye Dora Richardson alikitengeneza katika maabara za kampuni ya ICI huko Alderley Park, Cheshire, kusini kidogo tu ya hapa Manchester. Walikuwa wakitafuta dawa ya kuzuia mimba. Kwa panya ilizuia. Kwa wanawake ilifanya kinyume, ikalichochea yai. Dawa iliyoshindwa kazi yake namna hiyo ingeweza kutupwa. Badala yake ilijaribiwa hapa hapa mjini, katika hospitali ya Christie, na mwaka 1971 daktari Mary Cole na wenzake wakachapisha matokeo: wanawake 46 wenye saratani ya titi iliyokwishafika mbali, na kati yao 10 walipata nafuu iliyoonekana.

Kumi kati ya arobaini na sita. Ile Januari ningehesabu thelathini na sita. Bado ninawahesabu, sisemi uongo. Lakini ni kwa sababu watu waliiona ile kumi wakaendelea ndipo baadaye, maelfu ya wanawake walipofuatiliwa, ikaonekana kwamba miaka mitano ya kidonge hiki, kwa saratani ya aina ya mama, hupunguza vifo kwa kadiri ya theluthi moja katika miaka 15. Theluthi si yote. Hakuna aliyemwahidi mama yote.

Jumamosi moja nilipanda treni hadi Alderley Edge, nikatembea. Kulikuwa na mvua ile isiyonyesha wala isiyokatika. Maabara za siku hizo sasa ni za makampuni mengine, kuna miti, kuna bwawa na bata. Hapakuwa na la kuona. Nilipiga picha ya bata nikamtumia mama: hapa ndipo kilipotengenezwa kidonge chako. Akajibu kwa sauti: "Wape salamu hao mabata. Waambie kinanitoa jasho."

Kinamtoa jasho kweli. Joto humpanda usiku ghafla kama amefunguliwa tanuri, na analaumu feni. Viungo vinamuuma asubuhi. Wapo wanawake wengi, huku na huko, wanaokiacha kabla ya wakati kwa sababu hizo, hasa wanapojiona wazima. Ndiyo maana ninapiga simu. Dada amemwuguza kwa miguu na mgongo wake. Mimi nimepewa saa mbili usiku. Akimeza ananionyesha ulimi, kama nilivyokuwa nikimwonyesha mimi nikinyweshwa dawa ya malaria.

Kila miezi kadhaa anarudi Dar kupimwa. Wiki inayotangulia safari hiyo sifai kitu. Wenzangu wa kikundi cha uwasilishaji mtanisamehe. Majibu ya mwisho yalikuwa safi, na neno alilolitumia daktari ni "tunaendelea". Sasa ninalisikia vizuri.

Miaka mitano ni vidonge 1,826 ukiuhesabu na mwaka mrefu. Jana kilikuwa cha 447. Kamera sasa iko usoni: nywele zimeota, fupi, zimekuja na mvi na mawimbi ambayo hakuwa nayo, naye anadai amezinunua. Nilimwuliza hali. Akasema ana nafuu, ila ana kazi nyingi, amepokea oda ya sare za shule za Januari na juu yake gauni la harusi ya binti wa jirani. Harusi lini, nikauliza. Bado hawajapanga, akasema, lakini kitambaa wameshanunua. Akageuza simu anionyeshe. Kwa sekunde chache nikaona dari tena, na feni, kisha meza, kisha mkono wake ukilainisha kitambaa, na futi ikining'inia shingoni.