Mali Bila Daftari

Mzazi anayeishi kwa mshahara wa serikali, mwanawe akimwambia kwamba anataka kwenda chuo kikuu kusomea ujasiriamali, mara nyingi hushtuka. "Biashara nayo husomewa?" huuliza. "Mwenye duka hapo nje ya kambi alisomea wapi?" Swali hilo si la upuuzi, nalo lastahili jibu.

Hapa Uganda, masomo hayo hutolewa katika Shule ya Biashara ya Makerere, iliyoko Nakawa, Kampala. Shule hiyo ya umma ilianzishwa mwaka 1997, kwa kuunganisha Kitivo cha Biashara cha Makerere na Chuo cha Taifa cha Biashara kilichokuwapo Nakawa. Shahada huchukua miaka mitatu. Mwanafunzi hufundishwa kutunza hesabu, kutafuta soko na kuandika mpango wa biashara. Tena hupelekwa mahali pa kazi ajifunze kwa vitendo.

Wananchi wetu hawakosi ujasiri wa kuanza. Uchunguzi wa kimataifa wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba zaidi ya robo ya watu wazima wa Uganda walikuwa wakianzisha biashara au wakiendesha biashara changa. Lakini zilizofungwa nazo zilikuwa nyingi. Kuanza si kazi. Kazi ni kudumu.

Tutazame mfano wa nyumbani. Mama anunua unga, sukari, mafuta na makaa kwa shilingi 30,000, kisha auza maandazi kwa shilingi 40,000. Asema amepata faida ya 10,000. Lakini bodaboda aliyeleta unga alilipwa 4,000, na kijana msaidizi 3,000. Faida ya kweli ni 3,000. Jioni achukua 5,000 katika kibweta kununulia mboga. Hapo amekwisha kula mtaji wake shilingi 2,000, naye hajui. Mwezi ukiisha, yeye hudhani amerogwa.

Ajali hiyo ndiyo humpata askari anayestaafu, akamwaga kiinua mgongo chake chote katika duka au teksi asiyoijua. Wanajeshi wana chama chao cha kuweka na kukopa, Wazalendo, na polisi wana Exodus. Mkopo ni msaada mkubwa, lakini haumwonyeshi mtu faida iko wapi. Hilo huonyeshwa na daftari.

Hata hivyo, tusidanganyane. Shahada si mtaji. Kijana hutoka chuoni na cheti mkononi na mfuko mtupu, na asiyekubali kuanza na kidogo atazunguka maofisini akitafuta kazi kama wenzake.

Basi mzazi, usimkataze mwanao. Akija likizo, mpe daftari la duka la mama yake alikague. Akionyesha mahali fedha zinapovujia, ada yako haikupotea. Wahenga walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.