Fanusi za Kairo katika Mwezi wa Ramadhani

Neno fanusi halihitaji kufasiriwa kwa msomaji wa pwani. Ndivyo wazee wetu walivyoiita taa ya mafuta yenye mkono wa waya na chemni ya kioo, iliyowaongoza watu vichochoroni kabla ya umeme kufika. Neno lenyewe tulilipokea kwa Waarabu, nao walilipata kwa Wayunani. Lakini nchini Misri fanusi si taa ya kila siku. Ni taa ya Ramadhani, na mwenye kuibeba ni mtoto.

Shaabani inapoelekea ukingoni, njia za Sayyida Zaynab na zile zilizo karibu na lango la kale la Bab Zuwayla hujaa fanusi za kila kimo, nyingine zaenea kiganjani, nyingine zampita mtu mzima kwa urefu. Juu ya vichochoro hutandwa kamba kutoka dirisha hadi dirisha, zikatundikwa mapambo na fanusi za karatasi. Zamani watoto wa mtaa walizitengeneza wenyewe: walikata kurasa za madaftari yaliyokwisha kuandikwa, wakazibandika kwa uji wa unga, na kuchangishana vijisenti vya kununulia uzi.

Kisa wakipendacho Wamisri chasema kwamba ada hii ilianza siku Khalifa Al-Muizz alipoingia Kairo. Mji ulikuwa mpya. Jemadari wake, Jawhar, aliuasisi mwaka 969 Miladia katika uwanda wa mchanga kaskazini ya Fustat, baina ya Mto Nili na jabali la Muqattam. Khalifa mwenyewe alihamia kutoka Tunisia miaka 4 baadaye, katika Ramadhani ya mwaka 362 Hijria. Yasemekana aliwasili usiku na watu wakamlaki kwa taa. Mwezi wa kuwasili kwake umo katika vitabu vya historia. Taa ni masimulizi. Kipo na kisa cha pili, kinachowahusu wanawake: kwamba katika zama za Al-Hakim, mjukuu wa Al-Muizz, mwanamke hakuweza kutoka usiku ila atanguliwe na kijana aliyeshika fanusi, ili wapita njia wajue na wampishe. Kwamba Al-Hakim aliwabana wanawake wasitoke majumbani ni jambo la historia. Ama fanusi ya kijana, Mungu ndiye ajuaye.

Kwa maoni yangu, asili iliyo wazi zaidi ni haja yenyewe. Mwezi ambao watu hufuturu, huenda tarawehe, huzuru jamaa na hula daku, yote hayo baada ya jua kutua, haukuweza kwenda bila ya taa. Ibn Jubayr, msafiri wa Andalusia, alikuwapo Makka katika Ramadhani ya mwaka 579 Hijria, yaani mwishoni mwa 1183. Ameeleza jinsi muadhini alivyowaamsha watu kwa daku kutoka mnarani, na juu ya mnara huo kandili mbili kubwa za kioo zikiwaka. Alfajiri ilipokaribia, ziliteremshwa. Aliyekaa mbali asiisikie sauti alitazama mnara, na maadamu aliona mwanga, alijua kwamba bado ana nafasi ya kula. Taa ilikuwa saa ya mji mzima.

Fanusi ya asili ya Kairo ni bati na kioo. Fundi hukata bati jembamba kwa mkasi, akalitoboa kwa nakshi, akalikunja, kisha akaunganisha vipande kwa lehemu. Vioo vyekundu, vya buluu, vya kijani na vya manjano hupachikwa ubavuni. Chini husimama mshumaa, juu kuna pete ya kushikia. Mtoto aitembezapo, rangi zile hutembea naye ukutani. Watoto hukusanyika baada ya futari, wakazunguka milango ya majirani wakiimba nyimbo za kuukaribisha mwezi, nao hupewa njugu na peremende.

Kisha ikaja ya plastiki. Kutoka China ziliwasili fanusi zenye betri, nyingine zikiwa na sura za vikaragosi vya televisheni, na ndani yake kijisanduku kinachoimba. Zilikuwa nyepesi, na mzazi hakuhofia moto. Lakini hapo ndipo palipo na msiba, kwani fanusi ya zamani ilimtaka mtoto aimbe, na hii yaimba kwa niaba yake, naye akaketi akiisikiliza. Mafundi wa bati nao waliona riziki yao ikipungua. Mwaka 2015 serikali ya Misri ilipiga marufuku kuingizwa nchini bidhaa za sanaa za jadi zilizotengenezwa ng'ambo, fanusi zikiwamo. Mafundi walipata pumzi, ingawa haikuwa ndefu: Novemba 2016 pauni ya Misri ilishuka thamani ghafla, na bei ya malighafi ikapanda. Siku hizi wengine hutengeneza fanusi za mbao, na wengine huzivika kitambaa chenye nakshi za mahema ya Kairo.

Huenda msomaji akauliza iwapo mambo haya yana mahali katika dini. Fanusi si ibada wala sunna, na Wamisri wenyewe hawadai hivyo. Ni ada, na asili ya ada kwa mafakihi ni ruhusa maadamu haikuvunja sharia. Linaloweza kuivunja ni israfu, hasa pale baba asiyekuwa na uwezo anapokopa ili mwanawe asionekane mnyonge mbele ya wenzake. La pili ni moto. Mtume (S.A.W.) alitukataza tusiache moto ukiwaka majumbani tunapolala, na hadithi yamtaja hata panya avutaye utambi akaiteketeza nyumba. Mshumaa ndani ya bati ni wa mtoto anayeangaliwa na mkubwa, nao huzimwa kabla ya kulala.

Idi ikipita, mapambo ya karatasi huachwa yakapukutika kwa upepo na vumbi la jangwani. Kamba hubaki zikining'inia, na katika karakana za Bab Zuwayla mafundi huanza tena kukata bati la mwaka ujao.