Mpira wa Voliboli na Hewa ya Kisumu

Mwalimu wa michezo aendaye kununua mpira wa voliboli mjini Kisumu, akayapitia maduka ya Barabara ya Oginga Odinga kisha akafika hadi soko la Kibuye, ambako bidhaa hutandazwa chini juu ya maturubai, hukuta majina yale yale yakimkabili kila aendako: Mikasa, Molten, Wilson, Spalding, na mengineyo yasiyo na nasaba inayojulikana. Swali alilo nalo ni moja, nalo ni la haki: upi ulio bora? Wauzaji hulijibu kwa bei. Wanafunzi hulijibu kwa jina waliloliona katika televisheni walipokuwa wakiwatazama Malkia Strikers, timu ya taifa ya wanawake. Na mimi, niupendaye mchezo huu na kuhuzunika kila nionapo fedha chache za shule zikitupwa katika mpira usiomaliza muhula, nashikilia kwamba jibu halina budi kutafutwa kwanza katika mambo ambayo hayakuandikwa juu ya mpira wenyewe, yaani kimo cha mji wetu juu ya usawa wa bahari, jua la adhuhuri, pepo za ziwani, na udongo wa kiwanja.

Tuanze na sheria. Shirikisho la Kimataifa la Voliboli, FIVB, limeamuru kwamba mpira wa ukumbini uwe na mzingo wa sentimita 65 hadi 67, uzito wa gramu 260 hadi 280, na presha ya ndani ya kilo 0.30 hadi 0.325 kwa kila sentimita ya mraba, ambayo ni sawa na milibari 294 hadi 319. Mipaka hii myembamba imetokana na tajiriba. William G. Morgan, aliyeubuni mchezo huu mwaka 1895 huko Holyoke, Marekani, alijaribu kwanza kibofu cha mpira wa kikapu akakiona chepesi mno, chakawia hewani. Akajaribu mpira wa kikapu wenyewe akauona mzito, waumiza mikono. Ndipo kampuni ya Spalding ikaombwa itengeneze mpira wa kati na kati. Mpira wowote wa ukumbini wa leo ustahikio jina lake umo ndani ya mipaka hiyo, na kwa sababu hiyo tofauti baina ya kampuni na kampuni haimo katika ukubwa wala uzito, bali imo katika ngozi, mishono na tumbo la mpira.

Kampuni mbili zinazoshindana zaidi duniani zimetoka mji mmoja, Hiroshima nchini Japani: Mikasa, ambayo asili yake ni mwaka 1917, na Molten, iliyoanzishwa mwaka 1958. Mpira wa Mikasa uitwao V200W, wa rangi ya manjano na buluu, wenye vipande 18 vilivyopindapinda na ngozi iliyojaa vishimo vidogo, ulitokea mwaka 2019 ukachukua mahali pa MVA200 uliokuwa na vipande 8 tu, na ndio uliochezewa katika Olimpiki za Tokyo na Paris. Molten nao wana V5M5000, ambao ngozi yake imechorwa pembesita nyingi zilizokaribiana, nao umeidhinishwa na FIVB na kutumiwa katika mashindano ya wanaume wa vyuo vya Marekani. Ukiupasua mpira wa daraja hii utakuta kibofu cha butili, aina ya mpira wa viwandani uliogunduliwa Marekani mwaka 1937, ambao huizuia hewa isitoroke kuliko mpira wa utomvu. Juu ya kibofu utakuta uzi mwembamba mrefu uliozungushwa pande zote kama wavuvi wa ufuo wa Dunga wazungushavyo uzi katika sindano ya kushonea nyavu. Na juu ya uzi huo tabaka la mpira, kisha ngozi ya bandia iliyofumwa kwa nyuzi nyembamba sana. Uzi ule ndio uuwekao mpira katika umbo la duara miaka nendarudi. Mipira ya rahisi aghalabu haina uzi wa kutosha, na baada ya wiki kadha huota kinundu upande mmoja.

Sasa tuingie katika hewa, maana hapa ndipo penye elimu iliyo tamu na ambapo Kisumu ina neno lake. Mpira unapokwenda, hufuatwa na utando mwembamba wa hewa uliogandamana na ngozi yake. Ukienda polepole, utando huo hutiririka kwa utulivu, lakini huachana na mpira mapema ubavuni, na nyuma ya mpira hubaki mkia mpana wa hewa yenye vurugu, ambao huurudisha mpira nyuma. Mwendo ukizidi kiasi fulani, utando wenyewe huvurugika, na kwa kuvurugika kwake hushikamana na ngozi mbali zaidi kuelekea nyuma. Mkia hupungua, na upinzani wa hewa huporomoka ghafula hata kufikia nusu ya ulivyokuwa au chini ya hapo. Kwa mpira wa sentimita 21 za kipenyo mpaka huo huangukia takriban mita 15 hadi 20 kwa sekunde, na huo ndio mwendo hasa wa ule mpigo wa kuanzishia ambao mpira hauzunguki na ambao wachezaji wetu huuita floti. Upande mmoja wa mpira utando umekwisha vurugika, upande wa pili bado umetulia. Mpira husukumwa kushoto, mara kulia, mara ukashuka kabla ya wakati wake, na mpokeaji aliyekwisha panga mikono yake hujikuta akiufukuzia.

Takeshi Asai na wenziwe wa Chuo Kikuu cha Tsukuba waliipima mipira ya namna hii ndani ya njia ya upepo, wakaona kwamba mpaka huo hutofautiana kati ya mpira na mpira kwa kadiri ya ngozi na mpangilio wa vipande, na kwamba hata mpira mmoja hubadili tabia ukigeuzwa ili mshono mwingine uelekee mbele. Hii ndiyo maana mpigaji hodari huuzungusha mpira mkononi, akautafuta uso autakao kabla ya kuurusha. Mtu akiniambia kwamba Mikasa na Molten ni mamoja kwa kuwa zote zina gramu 270, namjibu kwamba mpokeaji aliyefunzwa kwa ngozi moja, akapigiwa floti kwa ngozi nyingine, atahitaji siku nyingi kabla mikono yake haijazoea.

Kisumu iko mita 1,131 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 12. Tofauti hii yaweza kuonekana ndogo, walakini mpira wa voliboli ni mwepesi mno kwa ukubwa wake, hata ukienda mita 18 kwa sekunde kabla ya kuuvuka ule mpaka, nguvu ya hewa inayoupinga hukaribia kuwa sawa na uzito wake wenyewe. Kwa hesabu yangu, mpigo ule ule uliokuwa ukitua ndani ya mstari wa nyuma kule pwani, hapa huvuka kwa yapata nusu mita. Na kwa kuwa hewa nyepesi huchelewa kuvurugika, mpira ulioanza kuyumba Mombasa kwa mwendo wa mita 15 kwa sekunde hutaka kama mita 17 ili uyumbe hapa. Timu ya pwani ikija kwetu ikaanza kupiga nje, makocha wasilaumu mpira kabla ya kuihesabu hewa. Na alasiri hewa yenyewe haikai: nchi kavu ikishapata moto kuliko maji, upepo hutoka ziwani ukaingia mjini, na katika viwanja vya wazi timu iliyolipa ziwa kisogo hupata msaada ambao mwenzake haupati.

Mintarafu presha, mambo yamefichika zaidi, nayo yameleta ugomvi usio na sababu. Geji haipimi hewa yote iliyomo ndani. Hupima tofauti kati ya hewa ya ndani na hewa ya nje. Hewa ya nje pale Mombasa husukuma kwa milibari 1,013 hivi, Kisumu kama 885, Nairobi pungufu tena kwa kama 60. Basi mpira uliojazwa Kisumu kwa milibari 306, katikati kabisa ya sheria, ukichukuliwa kwa basi hadi Nairobi bila kuguswa, husoma karibu 365, umekuwa jiwe, na mwamuzi ana haki ya kuukataa. Ukiteremshwa Mombasa husoma kama 180, umelegea, nao umeangukia ndani ya kipimo cha mpira wa ufukweni, ambao FIVB huutakia milibari 171 hadi 221. Hakuna aliyeuharibu. Hali kadhalika jua: mpira uliojazwa asubuhi kwenye nyuzijoto 25, ukaachwa juani hadi ukafika 40, hupanda kwa milibari 60 hivi, na mchezaji ahisiye mikono inamuwaka wakati wa adhuhuri hakosei, ingawa hukosea asemapo kwamba kampuni fulani hutengeneza mipira migumu.

Kiwanja nacho kina hukumu yake. Shule nyingi za kandokando ya ziwa huchezea murram, ambao kokoto zake huisugua ngozi hadi vishimo vyote vikatoweka, na katika nchi tambarare ya Kano udongo ni ule mweusi upasukao wakati wa kiangazi na kunata wakati wa masika. Mpira wa ukumbini, wenye vipande vilivyogundishwa kwa gundi, hauna silaha dhidi ya hayo: ngozi hunywa maji, uzito hupita gramu 280, gundi huachia pembeni, na kidole chaweza kuingia chini ya kipande. Kwa kiwanja kama hicho napendelea mpira wa daraja la pili wa kampuni yenye sifa, au hata wa ngozi ya plastiki iliyo nene, ingawa ni mgumu kidogo mikononi na huteleza ukilowa, kuliko kuichosha V200W kwa mwezi mmoja.

Mchangani penye ufuo wa ziwa mpira unaofaa ni mwingine kabisa: mzingo wake ni sentimita 66 hadi 68, uzito ni ule ule, presha ni ndogo, vipande vimeshonwa kwa uzi, na ngozi haishiki maji. Gaudencia Makokha na Brackcides Khadambi, Wakenya wa kwanza kucheza voliboli ya ufukweni katika Olimpiki, kule Tokyo mwaka 2021, waliuchezea mpira wa namna hiyo, Mikasa VLS300. Vijana wanaofunga wavu kati ya miti pembezoni mwa ziwa wakitumia mpira wa ukumbini uliopunguzwa upepo hawapotezi furaha yao, lakini hujifunza mguso ambao hawatauhitaji popote.

Lililobaki ni la udanganyifu, maana jina kubwa na alama ya FIVB huchapwa kwa wino, na wino hauna uaminifu. Mnunuzi na aende na futi ya fundi cherehani, kisha aombe mizani ya duka. Futi izungushwe pande tatu tofauti: vipimo vikipishana kwa sentimita nzima, mpira si duara. Mizani iseme kati ya 260 na 280. Hewa iliyomo haizidi gramu 6 au 7, kwa hiyo hakuna muuzaji awezaye kusingizia upepo kwa kosa la gramu 30. Kisha mpira udondoshwe kutoka usawa wa kichwa juu ya saruji mara kadha, kila mara ukiwa umegeuzwa, na utazamwe kama hurudi kimo kile kile. Nyumbani, aliyekwisha nunua aweza kuuelesha ndani ya beseni la maji kwa muda mfupi sana, kisha aufute: mpira ulio sawasawa hutulia popote uwekwapo, ilhali mpira wenye upande mzito hujigeuza wenyewe polepole, upande ule ukazama chini, na aghalabu utaona kwamba ni upande wa tundu la upepo. Mpira wa namna hiyo ukipigwa floti huyumba kwa ubovu, mchezaji akadhani ni ustadi wake.

Kwa hiyo nikiulizwa na mwalimu mwenye fedha za mipira mitatu, humwambia anunue miwili ya kuvumilia vumbi, na mmoja tu wa ile ichezewayo katika mashindano atakayokwenda, Mikasa ikiwa ni Mikasa, Molten ikiwa ni Molten, aulize kwanza waandaaji kabla ya kutoa shilingi. Huo mmoja autumie wiki za mwisho kwa mapokezi na mipigo ya kuanzishia, ambako ngozi ina kauli kubwa kuliko mahali pengine. Malkia Strikers, waliotwaa ubingwa wa Afrika huko Yaoundé mwaka 2023, hawazoezwi kwa mpira wa aina yoyote ilimradi mviringo, na mtoto wa Nyakach au Seme anayeota kuvaa jezi ile anastahili japo mpira mmoja wa kweli. Sindano ya pampu ilowanishwe kabla ya kuchomekwa, isije ikakata mdomo wa kibofu. Mipira ikae kivulini. Na timu ikipanda Nairobi, geji iwe ndani ya begi la kocha, hewa ipunguzwe kule baada ya kufika, kisha iongezwe tena Kisumu siku ya kurudi.